Presha ya mimba: kondo la nyuma au moyo wa mama?

Pale kliniki ya wajawazito, iwe Chamwino au Dodoma mjini, mama akiambiwa presha imefika 140/90, majirani wa benchi wanakuwa na sababu tayari: chumvi, mawazo, au mume. Chumvi ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kumnyima mjamzito chumvi hakujaonekana kuzuia kifafa cha mimba, ugonjwa unaoanza na presha hiyo na unaoweza kufika hadi degedege, ila ushauri huo haufi.

Kwa wanaouchunguza ugonjwa wenyewe, mvutano uko kwingine. Chanzo ni kondo la nyuma, au ni moyo na mishipa ya mama?

Wanaolituhumu kondo wana ushahidi mzito. Mimba zabibu, ambayo kondo hukua ovyo na mara nyingi hakuna mtoto kabisa, inaweza kumletea mama presha kali. Wanaeleza hivi: mapema katika mimba, seli za kondo hutakiwa kupenya ukuta wa mfuko wa uzazi na kuipanua mishipa myembamba iliyojisokota, damu ipite kwa wingi. Kazi hiyo ikilala, kondo hukosa damu na kuanza kumwaga protini ndani ya damu ya mama. Mojawapo, sFlt-1, hunasa vichocheo vinavyotunza utando wa ndani wa mishipa. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliwapandisha panya wajawazito kiwango cha protini hiyo. Presha ikapanda na mkojo ukawa na protini, dalili ileile ambayo muuguzi huitafuta kwa kijiti kinachobadilika rangi.

Upande wa pili unauliza swali ambalo mimi naona halijajibiwa vizuri: mbona wengi wanaougua mimba ikiwa imekomaa, kondo lao halina hitilafu kubwa? Mimba humwongezea mama maji ya damu kwa karibu nusu. Moyo na mishipa isiyoweza kubeba mzigo huo hujulikana hapo. Ndiyo maana mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, uzito mkubwa au presha ya zamani huingia kwenye mimba akiwa tayari hatarini. Na aliyewahi kuugua ana hatari takriban maradufu ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele. Lakini hoja hii inamwacha nje binti mwembamba wa miaka 18, hajawahi kuugua chochote, anayepata degedege kwenye mimba ya kwanza. Kwake wengine wanaitazama kinga ya mwili, ambayo bado haijazoea vinasaba vya baba vilivyomo kwenye kondo. Kwa hiyo mume huenda anahusika kweli, ila si kwa zile sababu za benchi.

Nionavyo, haya ni magonjwa mawili yanayotumia jina moja: wa mapema, wa kondo, na wa mwishoni, wa moyo na mishipa. Utafiti mkubwa wa Ulaya wa mwaka 2017 uliwapa wajawazito walio hatarini aspirini ya miligramu 150 kila usiku, kuanzia kati ya wiki ya 11 na ya 14. Ugonjwa unaolazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wiki ya 37 ulipungua kwa zaidi ya nusu. Ule wa mwishoni haukutikisika.

Kila upande, basi, unaidai zahanati kitu tofauti. Kondo likiwa ndilo lenye kosa, mama anayefika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi sita amekuja aspirini imeshapitwa na wakati wake. Hilo tunalisema sana, hata kwenye redio. Dai la upande wa moyo ndilo tunalolipuuza: presha ipimwe kabla ya mimba, na iendelee kupimwa baada ya kujifungua. Kwa sasa mama akishajifungua salama, mara nyingi anayeangaliwa ni mtoto. Anamleta tena akiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua, wanasubiri foleni, na mkanda wa presha uko chumba cha pili. Kumfunga mama mkononi hata dakika tano hazifiki.