Ukumbi wa Kisasa Bagamoyo: Mtazamaji Atafikaje, na Atarudije?

Hoja kwamba Bagamoyo inastahili jengo la kisasa la muziki na maonyesho, lenye kumbi za ukubwa tofauti na vyumba vya mazoezi, ina msingi imara. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na tamasha lake la kila mwaka lina umri unaokaribia huo. Ukumbi wa awali uliungua mwaka 2002 na mwingine mkubwa ukajengwa. Wanaotaka hatua zaidi husema kwamba wasanii wanaofunzwa hapa huenda kutafuta riziki Dar es Salaam kwa sababu watazamaji wako huko, na kwamba jengo la hadhi litawavuta watazamaji hao waje huku. Naunga mkono jengo hilo, ila nina wasiwasi kwamba mjadala wote uko kwenye paa, viti na vipaza sauti, huku usafiri ukiachiwa mtazamaji mwenyewe.

Mfano unaofaa kupimwa ni jumba la muziki la Elbphilharmonie la Hamburg, jiji la Ujerumani lenye udugu rasmi na Dar es Salaam tangu 2010. Jengo hilo lilifunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la bandarini lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku, na ukumbi wake mkuu una viti takriban 2,100. Wapinzani wa miradi mikubwa wana haki ya kuutumia mfano huu upande wao, kwa kuwa jengo lilipangwa kukamilika 2010, na mzigo wa walipa kodi, uliokadiriwa kuwa yuro milioni 77, ukafika milioni 789. Kwa hilo Hamburg si mwalimu wetu. Lakini tiketi ya onyesho pale ni nauli pia: mwenye nayo hupanda treni ya mjini hadi kituo cha Baumwall na kumalizia kwa miguu, au hupanda basi namba 111, au kivuko namba 72 kinachotia nanga jirani na jengo, na halipi kitu kingine. Anayeuza onyesho amejifunga kumfikisha mteja wake na kumrudisha, na jambo hili halihitaji mamilioni.

Kwetu, kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni takriban kilomita 70 za lami. Mchana hakuna shida: abiria hupanda gari Makumbusho, anapita Tegeta, Bunju na Mapinga, na akishuka stendi bajaji inamfikisha TaSUBa kwa muda mfupi. Njia ya mwendokasi inayojengwa kuelekea Tegeta itapunguza foleni ya kutoka mjini, ingawa itabakiza sehemu kubwa ya safari. Kivuko kama cha Hamburg si rahisi, kwani maji ya pwani hii ni ya kina kifupi, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani wahamishie makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Shida yenyewe ni usiku. Mkazi wa Bunju asiye na gari huanza kutazama saa kabla kundi la mwisho halijapanda jukwaani, na akichelewa hubaki na bodaboda au gari la kukodi kwa bei inayozidi kiingilio mara kadhaa. Ukumbi wa namna hiyo, hata uwe mzuri vipi, ni wa wenye magari.

Dawa ni basi la kuwarudisha watazamaji Dar es Salaam baada ya onyesho. Wapo wanaojibu, na jibu lao si la kupuuza, kwamba basi hilo la usiku litaiumiza Bagamoyo. Mgeni anayelala huacha fedha kwenye nyumba ya wageni, kwa mamalishe asubuhi na kwa watembeza wageni wa magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa hapa. Anayerudishwa usiku huacha kiingilio na soda. Hata hivyo, familia ya watu watano kutoka Tegeta, isiyomudu vyumba viwili, haitalala Bagamoyo kwa kukosa basi, itabaki nyumbani. Anayeweza kulala atalala kwa sababu mji unampendeza, na huyo auziwe tiketi inayomrudisha kesho yake.

Kwa hiyo ningependekeza basi litangulie jengo. Katika tamasha lijalo, kwenye ukumbi uliopo, waandaaji waingie mkataba na wenye Coaster, nauli iingizwe kwenye kiingilio cha wanaotoka Dar es Salaam pekee ili wakazi wa Magomeni na Dunda za hapa Bagamoyo wasilipie safari isiyo yao, na magari yasubiri langoni mpaka ngoma ya mwisho iishe. Yakijaa, wahandisi watakuwa na kipimo cha kweli cha viti vinavyohitajika. Yakirudi matupu, ramani ipunguzwe kabla saruji haijanunuliwa.