Nani Alimfungia Bertha Darini?

Usiku, siku mbili kabla ya harusi yake, Jane Eyre anazinduka na kuona mwanga wa mshumaa chumbani. Mwanamke mrefu, nywele nyeusi zimemwagika mgongoni, ameshika shela la bibi harusi. Analitazama kwa muda, analitupia kichwani mwake, anageukia kioo. Kisha analivua, analipasua vipande viwili na kuvikanyagakanyaga. Kabla ya kutoka anausogeza mshumaa usoni mwa Jane, anamkodolea macho, anauzima. Hamdhuru.

Huyo ni Bertha Mason, mke wa ndoa wa Edward Rochester, yaani bwana huyohuyo anayetaka kumwoa Jane. Alimwoa Spanish Town, Jamaica, akamleta Uingereza na kumfungia miaka kumi katika orofa ya tatu ya jumba lake la Thornfield. Charlotte Brontë alichapisha riwaya hiyo, Jane Eyre, mwaka 1847, na ugomvi kuhusu Bertha haujaisha. Wapo wanaosema fasihi ya Gothiki, yaani hadithi za majumba ya kale, milango iliyofungwa na siri za ukoo, ilimtukana mwanamke wa koloni kuliko hata vitabu vya historia. Wengine wanasema ni Gothiki hiyohiyo iliyokataa kumsahau.

Wa kwanza hawahitaji kutafuta ushahidi mbali. Bertha anapoonyeshwa mchana, anatembea kwa mikono na miguu na kuunguruma, na Jane anasema mwanzoni hakuweza kutambua kama ni mnyama au binadamu. Ule uso uliotokea kiooni aliufananisha na wa mnyonya damu. Neno lake hatulisikii kutoka kinywani mwake. Moja tu tunaletewa na kaka yake, aliyeng'atwa na kuchomwa kisu naye, kwamba alisema ataunyonya moyo wake hadi ukauke. Yote mengine juu yake, wazimu, ulevi, uchafu, mama aliyekuwa hivyohivyo, tunayapata kwa Rochester. Hapa ndipo ninaposhangaa jinsi wasomaji walivyomwamini kwa muda mrefu. Huyu ni mtu aliyekamatwa kanisani akitaka kuoa mke wa pili kwa siri, na ndiye pekee anayetusimulia maisha ya ndoa ya kwanza.

Brontë pia hakuweka wazi rangi ya Bertha. Mama yake anaitwa Mkreoli, neno ambalo katika visiwa vile liliweza kumhusu mtu yeyote aliyezaliwa huko, mweupe au mweusi. Utata huo ulimfaa mwandishi: Bertha awe Mzungu kiasi cha kuolewa, na awe mgeni kiasi cha kufungiwa.

Mtindo huo uliendelea. Mwaka 1887 H. Rider Haggard, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kusini mwa Afrika, alitoa She, riwaya kuhusu Ayesha, malkia mweupe anayetawala kutoka mapangoni ndani ya Afrika. Ayesha anapozungumzia kwenda Uingereza, msimulizi anaingiwa na hofu kwamba ataitawala nayo. Mwisho wake ni motoni, kama Bertha anayeruka kutoka kwenye paa la nyumba aliyoitia moto mwenyewe.

Lakini rudi kwenye lile shela. Wahakiki wa fasihi Sandra Gilbert na Susan Gubar walishika tukio hilo katika kitabu chao cha mwaka 1979 wakasema Bertha ni pacha wa giza wa Jane: anafanya kwa mikono kile ambacho Jane anakiogopa na kukimeza. Ukisoma hivyo, usiku ule haukuwa shambulio. Aliyekwisha kulivaa alikuja kulichana. Naona usomaji huu una nguvu, ila una bei yake, na mwaka 1985 mhakiki mwingine, Gayatri Spivak, aliitaja: Bertha lazima achome nyumba na afe ili Jane apate kuwa shujaa. Mwanamke wa koloni anageuzwa ngazi ya mwanamke wa Uingereza.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita upesi, nalo ni pesa. Rochester alikuwa mtoto wa pili. Baba yake hakutaka kuigawa ardhi, akampa yote kaka mkubwa, na Edward akapelekwa Jamaica kumwoa binti aliyekuja na pauni 30,000. Baba wa Bertha alikuwa mwenye mashamba na mfanyabiashara. Msomaji wa mwaka 1847 hakuhitaji kuelezwa mali ya namna hiyo ilitoka mgongoni mwa nani. Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833 na kutenga pauni milioni 20 za fidia kwa wenye watumwa; watumwa wenyewe hawakupata kitu. Hata urithi wa Jane, pauni 20,000, unatoka kwa ami yake wa Madeira aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na akina Mason. Vitabu vya hesabu viliiandika mali hiyo kwa safu nadhifu. Riwaya ya kutisha iliipandisha darini, ikaifanya icheke usiku. Kwa hilo nasimama na watetezi wa Gothiki: juu ya fedha haikudanganya. Juu ya mwanamke, ilidanganya.

Wala tusidhani kwamba historia, kwa sababu inajiita historia, ni salama zaidi. Mwaka 1831, miaka 16 kabla ya Bertha, ilichapishwa London simulizi ya Mary Prince, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani Bermuda. Alieleza jinsi walivyosimama ndani ya maji kwenye mashamba ya chumvi ya visiwa vya Turks tangu alfajiri, hadi miguu ikajaa majipu na chumvi ikala nyama. Hakuna mzuka hapo, lakini hakuna riwaya ya Gothiki ya wakati ule inayotisha hivyo. Simulizi iliandikwa na mwanamke mwingine kutoka kinywani mwake, ikahaririwa na Thomas Pringle, katibu wa chama cha kupinga utumwa. Wenye shaka walipouliza ukweli uko wapi, mke wa Pringle aliandika barua kuthibitisha kwamba ameuona mgongo wa Mary na makovu yake. Neno la Mary halikutosha. Ilibidi ngozi itoe ushahidi.

Mwaka 1833 shauri la kashfa lililotokana na kitabu hicho lilipofika mahakamani, Mary alisema kwamba kabla ya kuolewa alikuwa ameishi na nahodha mmoja, na kwamba alimsimulia hayo mwandishi wake. Kitabuni hayamo. Marafiki wa Mary walitaka mwathirika asiye na doa, hivyo wakalikata pendo lake. Kwa Bertha ilikuwa kinyume: tamaa iliachwa yote, ikaitwa wazimu. Mmoja alisafishwa, mwenzake akachafuliwa, na katika hali zote mbili kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica mwaka 1890, alijaribu kuirudisha kalamu hiyo. Katika riwaya yake Wide Sargasso Sea, ya mwaka 1966, mke wa darini anaitwa Antoinette. Jina la Bertha ni la kubandikwa na mumewe. Wengi hudhani hapo kesi imekwisha, lakini Antoinette bado ni binti wa wenye watumwa. Anayejua mengi zaidi nyumbani humo ni Christophine, mwanamke mweusi kutoka Martinique aliyewahi kuwa mtumwa, na ndiye pekee anayemkabili mume na kumwambia usoni kwamba amemwoa Antoinette kwa ajili ya fedha. Mume anamtishia polisi. Christophine anajibu kwamba kusoma na kuandika hajui, ila mambo mengine anayajua. Kisha anaondoka bila kugeuka nyuma, na riwaya inabaki nyumbani pamoja na mwenye nyumba.