Saa za dereva zinahesabiwa, za mwenye ghala anahesabu nani?

Juzi usiku kanipigia kijana mmoja, tunaitana ndugu tu sababu tulianza kuendesha malori huku Marekani kwenye kampuni moja, sauti imemkauka kabisa. Kasimamishwa mizani. Amepitisha saa 14 za siku ya kazi kwa dakika ishirini na kitu, askari kamwandikia, gari halisogei mpaka amalize saa 10 za kupumzika, mzigo umechelewa na kampuni imeshamtumia meseji ya onyo. Nikamuuliza mdogo wangu, hizo dakika zilipotelea wapi? Akasema, "Kaka, zimeliwa ghalani. Nimekaa pale tangu asubuhi."

Nimekasirika na hasira haijaisha mpaka sasa hivi ninavyoandika, maana hii stori kila dereva wa masafa marefu anayo, na kila mara mwisho wake ni ule ule, faini inamwangukia aliyekuwa amesubiri na yule aliyemsubirisha hata jina lake haliandikwi popote.

Hesabu wote tunaijua. Saa 11 za kuendesha, ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, nusu saa ya mapumziko ukishaendesha saa 8, saa 10 za kupumzika, saa 70 za kazi kwa siku 8. Zile 11 sina ugomvi nazo hata kidogo, mtu akiendesha saa 11 amechoka, alale. Ugomvi wangu ni 14. Hiyo ikianza kutembea asubuhi haijali unaendesha, umekaa, unakula au umefungiwa getini kwa mtu, inatembea tu.

Chukua siku ya huyo kijana jinsi alivyonisimulia. Kaanza kazi saa kumi na moja na nusu alfajiri, nusu saa ya kukagua gari, saa nzima barabarani, saa moja kamili asubuhi yupo getini, ndo muda wake wa miadi. Dirishani wakachukua namba ya mzigo na namba ya simu, wakamwambia kaa pembeni tutakupigia. Saa mbili na nusu wakampigia, sogea mstari wa mbele. Saa nne na robo wakamwambia rudi nyuma kwenye doki, zima gari, funguo lete dirishani. Taa ya doki nyekundu. Foklifti ikaingia mara mbili tatu halafu kimya, na wewe uliye ndani ya kebini huhitaji kuambiwa kama wanapakia au hawapakii, gari likitikisika wanapakia, lisipotikisika wameondoka. Saa tano na nusu wakasema toka hapo, doki hiyo wanaihitaji, nenda upande wa pili. Saa saba mchana ndo taa ikawa kijani. Kwenye tableti inayohesabu saa zake, zile 11 zimebaki 10, ameendesha saa moja tu tangu aamke, lakini 14 imebaki saa sita na nusu. Hajalala, hajaendesha, hajalipwa, na siku yake zaidi ya nusu imekwisha.

Dispacha, yule wa kampuni anayepanga safari, kapiga simu kuuliza utafika saa ngapi. Muda wa kushusha haujabadilika.

Najua kuna watu watasema angetumia spliti. Ni kweli tangu Septemba 2020 unaweza kugawa mapumziko, saa 7 kitandani na 3 nje, au 8 na 2, na kile kipande kifupi kinasimamisha 14, na kwa dereva aliyeachwa atulie mahali pamoja ni msaada mkubwa, siwezi kukataa. Ila kipande kifupi lazima kifike saa 2 bila kukatika. Sasa angalia hizo saa zake tena. Kila baada ya saa moja na kitu ameitwa asogee, na kila akisogea lori tableti inaandika kazi. Saa sita nzima amekaa pale na hakuna hata kipande kimoja kilichofika saa 2. Wanaompigia simu asogee hawajui habari ya spliti na wala hakuna sheria inayowalazimisha kujua. Na hata asingeitwa, usingizi gani unalala na simu sikioni ukiogopa kupitwa na zamu? Kuna maghala usiposhika simu wanakurudisha mwisho wa foleni.

Na hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Madereva wakongwe wa huku wanakumbuka kabla ya Januari 2004 kulikuwa na saa 15 za kazi, lakini muda wa kupumzika katikati ulikuwa haukatwi humo, ukisimama saa inasimama. Walipobadilisha wakaongeza saa moja ya kuendesha, kutoka 10 hadi 11, wakafunga dirisha la 14 lisisimame. Nia ilikuwa nzuri kwa sehemu, sababu kulikuwa na watu wanavuta siku moja ya kazi mpaka inakuwa kama siku mbili. Halafu 2019 FMCSA, idara ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori, wenyewe wakapendekeza dereva aruhusiwe kusimamisha 14 mara moja kwa siku, kuanzia nusu saa mpaka saa 3. Sheria ya mwisho ilipotoka 2020 hicho kipengele kimeondolewa. Hofu mojawapo iliyokuwa imetajwa ni kwamba wenye mizigo na makampuni wangewashinikiza madereva watumie hizo saa 3 kufunika muda wa kusubirishwa. Nilisoma hapo mara mbili. Yaani wanajua kabisa kwamba ghala linakula muda wa dereva, wanajua litaendelea kula, na uamuzi uliopatikana ni dereva aendelee kuubeba huo muda mwenyewe! Sasa 2025 wametangaza tena watajaribu kitu hicho hicho kwa kikundi kidogo cha madereva. Miaka inakwenda.

Mtu asiniambie ushahidi haupo. Mwaka 2018 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ilitoa ripoti yake juu ya kusubirishwa kwenye maghala. Walikadiria kwamba muda wa wastani wa lori kukaa ghalani ukiongezeka dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa kinapanda kwa asilimia 6.2. Dakika 15! Kijana wangu kakaa saa sita. Na wakakadiria kusubirishwa kunawapunguzia madereva wa mizigo ya kukodi kati ya dola bilioni 1.1 na 1.3 kila mwaka. Hiyo ni serikali yenyewe imeandika, kwenye karatasi yake, kwamba ghala linaloshikilia lori linasababisha ajali na linamnyima dereva hela. Halafu askari wa serikali hiyo hiyo anasimama mizani anamwandikia dereva.

Maana tunalipwa kwa maili jamani. Gari likisimama hela imesimama. Kusubiri kunalipwa baada ya saa 2 kama kunalipwa, na mara nyingi kampuni inapigania hiyo hela na broka, dalali wa mizigo, wiki nzima, ikija dereva anaona kipande au haoni kabisa. Ovataimu usiulize, sheria ya shirikisho ya mishahara ya 1938 iliwaacha nje madereva wa kuvuka majimbo na mpaka leo tupo nje. Kwa hiyo kwa mwenye ghala, dereva aliyekaa kwenye yadi yake ni bure. Hamgharimu chochote. Angekuwa anamgharimu kila dakika tangu muda wa miadi, nakuhakikishia wangepatikana watu wa foklifti wa kutosha.

Ndiyo maana nasema faini imfuate aliyekula muda. Geti la kila ghala liandike saa ya lori kuingia na kutoka, kielektroniki, isifutike, kama logi yangu, rekodi ya saa zangu, isivyofutika. Askari akinisimamisha aone na hiyo. Kama nilifika kwa miadi na nikashikiliwa saa sita, tiketi iende kule. Sheria ya kuzuia kushurutishwa ipo tangu 2016, inawagusa mpaka wenye mizigo na mabroka, lakini inataka uwe umewaambia kwamba mzigo huu utanifanya nivunje sheria, kisha wao wakulazimishe. Aliyekuweka saa sita kimya kimya hajakulazimisha kitu. Kakuacha tu pale mpaka saa zikaisha.

Sisemi logi ifutwe. Enzi za karatasi uongo ulikuwa mwingi, watu walikuwa na vitabu viwili, na usingizi unaua, hilo nalikubali hata kama linaniuma kulisema leo. Ajali ya New Jersey ya 2014 iliyomuua mchekeshaji James McNair, uchunguzi ulikuta dereva wa lori alikuwa macho karibu saa 28. Ila kumbuka, usiku ule kabla ya kazi alikuwa ameendesha gari lake binafsi kutoka Georgia mpaka Delaware. Logi haikuona hiyo. Logi inaona injini ya lori, haimwoni mtu. Na tangu ELD, hizo tableti za logi, zilipoanza kulazimishwa Desemba 2017, kuna watafiti wa vyuo vikuu vya huku waliochunguza wakakuta kwenye makampuni madogo kuvunja saa kulipungua sana, lakini ajali hazikupungua, na mwendo kasi ukaongezeka. Mtu aliyenyang'anywa saa sita asubuhi anazifukuzia mchana. Nani hajawahi kuhisi huo mguu kwenye mafuta?

Halafu parking. Saa moja jioni nenda kituo chochote cha malori pembeni ya haiwei kubwa, kimejaa, mpaka kwenye kingo za kutokea watu wamejipanga. Kijana alikuwa na muda wa kutosha kabisa kusimama, alikosa mahali pa kusimama, akajaribu sehemu tatu, ndo hizo dakika ishirini zikapatikana. Watu wanachukulia parking kama suala la raha. Mwaka 2009 dereva Jason Rivenburg alikuwa amebeba maziwa, yupo karibu na anakoshusha huko South Carolina lakini muda wake wa kupokelewa ulikuwa bado, akaenda kupumzika kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa. Akapigwa risasi akafa, aliyemuua kaondoka na dola 7. Mke wake alikuwa mjamzito wa mapacha. Mke huyo kapigania mpaka 2012 Bunge likapitisha kifungu chenye jina la Jason, cha kuangalia upungufu wa parking za malori. Ghala lenye yadi kubwa kiasi kile linashindwaje kumruhusu mtu aliyewaletea mzigo alale ndani ya geti? Hata kama sheria haiwalazimishi, ni binadamu yule!

Hizi faini nyingine ndogondogo za ukaguzi sitaki kuziingia sana. Taa ya pembeni iliyoungua njiani, sawa, nitabadilisha. Lakini kuna jamaa aliandikwa sababu kebini hakuwa na karatasi tupu za logi za siku 8 na kile kikaratasi cha maelekezo ya kutuma data, wakati data yenyewe ilitumwa na askari akaipata palepale. Ni sheria, imeandikwa, lazima ziwepo. Zikague kesho asubuhi kabla hujaondoka. Na suala la Kiingereza, kwamba tangu tarehe 25 Juni 2025 askari akiona hakitoshi anakusimamisha barabarani, najua linawanyima usingizi wengi wenu, nitaliandikia peke yake.

Watu wa nje ya kazi wanafikiri faini ni hela tu, ulipe yaishe. Ukaguzi unakaa kwenye rekodi yako ya PSP, ile makampuni yanayoitazama kabla ya kuajiri, miaka 3. Kampuni mpya ikikuchungulia inaona umevunja saa. Haioni ghala, haioni taa nyekundu, haioni kwamba ulifika kwa miadi. DataQs, mfumo wa kuomba rekodi isahihishwe, nayo haitamsaidia kijana, sababu askari hakukosea, dakika kweli zilipita.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Ukifika getini andika saa kwenye sehemu ya maelezo ya logi yako, piga picha, na ukitoka mwambie karani asaini saa ya kuingia na ya kutoka kwenye hati ya mzigo. Akikataa, andika hapo hapo kwamba amekataa. Mambo ya kampuni yako na broka utayapigania na hizo karatasi. Na mwenye nazo za zamani asizitupe, afiche jina la mteja anitumie, nazikusanya, sababu FMCSA wakifungua tena maoni ya umma juu ya hiyo 14 nataka nipeleke rundo zima.