Chumba Kimoja Kinachotozwa Kuliko Ghorofa Nzima

"Ikiwa kodi unayopokea haifiki shilingi 24,000 kwa mwezi, ushuru wa nyumba haukuhusu, nenda kalale usingizi." Hayo aliyatamka mtoa mada mmoja katika kikao cha mafunzo ya ushuru kilichofanyika hapa Lamu majuzi, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Niliwatazama waliokuwa wakipiga makofi: walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, watu wa mshahara wenye chumba cha juu au sabule, yaani chumba cha wageni, waliyompangisha mtu ili mwezi ufike mwisho. Walikuwa wakishangilia maneno ambayo, wakiyafuata, yatawaingiza kwenye deni la ushuru lenye riba na faini juu yake.

Ni kweli kwamba ule ushuru wa kila mwezi wa kodi za nyumba za kuishi, ulioanza Januari 2016, unawahusu wenye mapato ya kodi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ni kweli pia kwamba 288,000 ukiigawa kwa miezi kumi na miwili unapata 24,000. Jambo ambalo mtoa mada hakulisema, ama kwa kutolijua ama kwa kuogopa kuharibu makofi, ni kwamba anayepokea chini ya kiasi hicho hakusamehewa kitu. Ametolewa tu katika utaratibu huo na kurudishwa katika ule wa kawaida, ambao unamtaka aiandike kodi yake katika ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yake kwa mamlaka ya ushuru, ijumlishwe na mshahara, na itozwe kwa viwango vya mshahara.

Tuifanye hesabu, kwa sababu bila hesabu malalamiko haya yataonekana kuwa domo tu. Mwalimu ambaye mapato yake yanayotozwa yamepita shilingi 388,000 kwa mwaka, yaani kama 32,333 kwa mwezi, yumo katika kiwango cha asilimia 30. Akipangisha chumba kimoja cha nyumba yake kwa 15,000 kwa mwezi, atapata 180,000 kwa mwaka, na asiponyofoa gharama yoyote atadaiwa 54,000. Jirani yake, mwalimu mwenzake mwenye mshahara ule ule, amepangisha ghorofa nzima kwa 30,000 kwa mwezi. Huyu amepata 360,000, ameingia katika utaratibu wa ushuru wa kila mwezi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya mapato ghafi, na ambao ukishalipwa umekwisha, hauguswi tena na mshahara. Atalipa 27,000. Aliyepokea nusu analipa mara mbili.

Nimewahi kuonyesha hesabu hii kwa watu wenye akili zao, nao wakadhani nimekosea mahali. Nami natamani ningekuwa nimekosea.

Utaambiwa kwamba mkodishaji mdogo ana ngao ambayo mkubwa hana: anaweza kukata gharama. Anayelipa asilimia 7.5 halipi kwa faida bali kwa kila shilingi iliyoingia, na hata paa likimwangukia hana cha kupunguza. Yule wa ritani ya mwaka anatozwa kwa kilichobaki baada ya kutoa matengenezo, bima, riba ya mkopo uliojengea au kununulia nyumba, kodi ya ardhi ya kaunti, mshahara wa mlinzi, umeme na maji anayoyalipa mwenyewe kwa ajili ya mpangaji. Inapendeza masikioni. Sasa turudi kwa mwalimu wetu: ili ushuru wake ushuke kutoka 54,000 hadi hizo 27,000 za mwenye ghorofa, anahitaji gharama za shilingi 90,000 zinazokubalika kisheria, yaani nusu ya kodi yote aliyoipokea. Ili afikie asilimia 7.5 ya mapato yake mwenyewe, ambayo ni 13,500, anahitaji gharama za 135,000. Ngao ipo, lakini ni ya kuibeba kwa mabega mawili.

Na hapa ndipo nyumba za Lamu zinapoingia katika habari hii, kwa sababu sheria iliandikwa kana kwamba kila nyumba ya kupanga ni fleti yenye mlango wake, mita yake na bomba lake.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu Mkomani, mwalimu aliyebakiza miaka michache astaafu, anaishi katika nyumba ya mawe aliyoirithi kwa mamake, kama wanawake wengi wa mji huu walivyorithi. Yeye yuko chini. Juu amempangisha muuguzi kijana. Ngazi ni moja, kiwanda, yaani ua wa ndani, ni kimoja, birika ya kuwekea maji ni moja, tokeni ya umeme ni moja, na dari ni moja inayowafunika wote wawili. Mvua za masika zilipoonyesha kwamba boriti za dari zimeliwa na mchwa, hakuwa na la kuchagua. Boriti zilinunuliwa kwa mtu aliyezileta kwa jahazi, chokaa ilinunuliwa kwa mzee anayeichoma, mawe na mchanga vilipandishwa kwa punda kutoka ufukweni kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi kitu kingine, na fundi alilipwa kila jioni mkononi. Saruji ingekuwa nafuu na ya haraka, lakini mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na hata bila orodha hiyo kila mtu anayejua ukuta wa matumbawe anajua kwamba saruji hufungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta uanze kumomonyoka. Kwa hiyo alitumia chokaa, kama inavyopasa.

Aliniita nimsaidie kupanga ritani yake. Nikamwuliza ankara ziko wapi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki iliyopita katika eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya ushuru, haikubaliki kukatwa, isipokuwa machache yaliyotajwa, kama mishahara na riba. Akanitolea bahasha. Ndani yake mlikuwa na ankara moja sahihi kabisa, yenye msimbo wake wa kuskani, kutoka duka la vifaa vya ujenzi kule Langoni: misumari na brashi mbili. Boriti hazikuwa na karatasi. Chokaa haikuwa na karatasi. Punda, ambao walibeba sehemu kubwa ya nyumba hiyo migongoni, hawakuwa na karatasi. Nilipokwenda kwa mzee wa chokaa kumwomba chochote chenye maandishi, alinitazama kwa huruma na kusema, "Mwanangu, risiti ya chokaa ni ule ukuta. Nenda kauguse."

Mnajua jibu litakalotolewa hapa, nami nitalitaja mwenyewe nisije nikaambiwa nimelificha. Mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yamemruhusu mnunuzi kutengeneza ankara hiyo kwa niaba ya muuzaji mdogo, ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Ni hatua nzuri, nakubali, ingawa nakubali kwa shingo upande. Mwenye kuandika kifungu hicho amfikirie mwalimu wa miaka hamsini na kitu akimweleza mchukuzi wa punda, katikati ya kichochoro, saa sita ya mchana, kwamba anahitaji maelezo yake ili ayaingize katika mfumo wa serikali, kisha asubiri aone kama punda huyo atarudi kesho.

Tuchukulie hata hivyo kwamba karatasi zote zimepatikana. Kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu gharama inayokatwa ni ile iliyotumika kikamilifu na pekee kwa ajili ya kupata mapato hayo, na matumizi ya nyumbani kwako hayamo. Kupaka chokaa chumba cha muuguzi ni gharama halali yote. Kupaka chumba anacholala mwalimu ni matumizi yake binafsi. Lakini dari? Wahasibu hugawa vitu vya pamoja kwa eneo la sakafu au kwa idadi ya vyumba, na sheria yetu haina kanuni iliyoandikwa ya nyumba ya namna hii, kwa hiyo mtu huchagua njia yenye mantiki, huiandika, na huifuata mwaka hadi mwaka bila kubadilisha kila inapomfaa. Ukigawa kwa sakafu katika nyumba ya mawe, je, unapima unene wa kuta? Kiwanda unamhesabia nani? Misana mirefu ya chini, yaani zile kumbi nyembamba za ndani, yenye upana mdogo kwa sababu boriti haivuki zaidi ya urefu wake, unaihesabu kama chumba kimoja au viwili? Nimekaa na mwalimu huyo na futi ya fundi mkononi, tukipima nyumba iliyojengwa kabla ya babu zetu kuzaliwa, ili tujue ni boriti ngapi za muuguzi na ngapi zake.

Na hata hapo kuna mstari mwingine. Kubadilisha boriti iliyooza ni matengenezo. Sheria inaruhusu hata marekebisho ya muundo ikiwa bila hayo kodi ile ile isingeendelea kupatikana. Kuongeza choo cha pili juu ni mtaji, na mtaji haukatwi. Gharama zikizidi kodi, hasara hiyo haigusi mshahara. Inasubiri kodi za miaka ijayo.

Wanaolaza wageni kwa usiku mmoja au wiki siwagusi leo, kwa kuwa hiyo ni biashara nyingine yenye leseni zake za utalii.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwenye ghorofa amepewa hiari, na mwenye chumba hakupewa. Sheria inamruhusu anayepokea kati ya 288,000 na milioni 15 kuandika barua akiomba kutoka katika utaratibu wa asilimia 7.5 na kuingia katika ule wa ritani ya mwaka, akate gharama zake. Na kwa wengine hiari hiyo ina thamani kubwa. Mjane asiye na mshahara anayepokea 40,000 kwa mwezi analipa 36,000 kwa mwaka katika utaratibu wa kila mwezi. Mwaka anaotengeneza dari kwa 300,000, na karatasi anazo, akiwa amehamia ritani ya mwaka faida yake inabaki 180,000; ushuru wa asilimia 10 ni 18,000, nao unamezwa wote na nafuu ya binafsi, yaani punguzo la ushuru la kila mlipaji, ya 28,800 kwa mwaka. Halipi kitu. Asiye na gharama yoyote, kinyume chake, angedaiwa 52,600 kwa ritani ya mwaka, kwa hiyo anabaki alipo. Kila mmoja anapiga hesabu yake na kuchagua. Mwalimu wa chumba kimoja hana wa kumwandikia barua.

Wala haikukusudiwa iwe hivi. Kiwango cha chini kilikuwa 144,000 mpaka kilipopandishwa Januari 2021, na nia ilikuwa kuwapumzisha wadogo. Iliwapumzisha kweli wasio na kipato kingine; hao mtoa mada alikuwa na haki ya kuwaambia walale. Waliokuwa na mshahara, wenye kodi ya kati ya 144,000 na 288,000, waliondolewa kwenye asilimia 10 ya wakati huo na kusukumwa kwenye 25 na 30 ya mshahara wao, kisha wakaambiwa wamesaidiwa.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa macho ya mtu anayeishi na mpangaji wake. Uingereza, tangu Aprili 2016, anayepangisha chumba chenye fanicha ndani ya nyumba anayoishi hatozwi chochote kwa pauni 7,500 za kwanza za mwaka. Akizidisha anachagua, ama aondoe pauni hizo 7,500 bila kuonyesha risiti hata moja, ama akate gharama halisi. Marekani ni wagumu zaidi, wanakutaka ugawe kwa eneo au vyumba kama sisi, lakini hata wao aliyepangisha nyumba anayoishi kwa siku zisizofika 15 katika mwaka haiandiki kabisa kodi hiyo. Siombi tuige pauni za watu. Naomba hiari ile ile aliyopewa mwenye ghorofa, iteremshwe mpaka chini: anayepokea chini ya 288,000 aruhusiwe, akitaka, kulipa asilimia 7.5 ya alichopokea na amalizane nao.

Hazina haitapoteza kitu ambacho sasa inacho. Mwalimu wa 15,000 leo halipi 54,000. Hajui kwamba anadaiwa, au anajua na ananyamaza, na baada ya kikao kile atanyamaza kwa dhamiri safi. 13,500 zinazolipwa ni nyingi kuliko 54,000 zilizoandikwa katika sheria tu.

Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kabla Aprili haijaisha, kisha wananchi huitwa kutoa maoni. Waraka wangu uko tayari: ukurasa mmoja, na ndani yake hesabu mbili zilizowekwa bega kwa bega, ya chumba na ya ghorofa. Walimu wanne wameshatia saini, wawili kati yao walikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Wenye chumba cha juu waliosalia nawasubiri barazani baada ya Alasiri, waje na kalamu zao.