Rola kosta ya mbao nayo ni urithi?

Kuna watu wanasema urithi ni ngome, misikiti, makanisa na majumba ya zamani, sasa rola kosta, ile reli ya burudani yenye milima na miteremko ya kasi, iingie humo kwa lipi wakati ni mashine ya kuchezea tu, ikichakaa itolewe iwekwe nyingine. Mimi nakataa, ila hoja yao sio ya kupuuzwa.

Angalia Coney Island, eneo la burudani la ufukweni kule New York. Steeplechase Park, bustani ya michezo ya pale, ilifungwa 1964, mwenye eneo Fred Trump (ndio, babake Donald) akaibomoa 1966, tena akaalika watu kwenye sherehe warushe matofali kwenye vioo vya lile banda kubwa, na hiyo bustani haikuwa imewekewa ulinzi wa sheria. Thunderbolt, rola kosta ya 1925, nayo haikuwa na ulinzi, ikakaa imefungwa tangu 1982 hadi Novemba 2000 jiji likaleta matingatinga likaiangusha, kesi ikaenda mahakamani ikaonekana jiji halikuwa na sababu ya maana, lakini ushindi huo unarudisha nini? Cyclone, rola kosta ya mbao ya 1927 pale pale, ilipewa ulinzi 1988 na watu bado wanaipanda.

Ila sasa karatasi peke yake haitoshi jamani. Mnara wa Parachute Jump wa hapo Coney Island, uliokuwa ukipandisha watu na kuwashusha kwa parachuti, ulilindwa 1989, umesimama pale na mataa yake yanapendeza usiku, lakini tangu miaka ya 60 hajapanda mtu. Kwangu huo umekuwa sanamu. Na mwenye mali ana kilio cha kweli, mbao zinaoza, bima, mafundi, huku unamwambia hii usiiguse na hela humpi.

Halafu wanauliza, mbao zikibadilishwa zote si ni kitu kipya? Hapo ndo nabisha kabisa. Jahazi fundi analibadilisha ubao mmoja mmoja miaka na miaka na bado ni jahazi lile lile. Scenic Railway, rola kosta ya mbao ya Margate, Uingereza, ni ya 1920, iliwekewa ulinzi 2002, ikaungua vibaya 2008, halmashauri ikabidi ilichukue eneo kwa nguvu ya sheria 2013, na 2015 ikarudi kubeba watu ikiwa na mbao mpya kibao, lakini mshika breki alikuwa bado anapanda ndani ya treni na abiria, anaipunguza mwendo kwa mkono wake kama 1920. Kazi ya huyo mtu ndo ningeiandika kwanza kwenye orodha ya vitu vya kulindwa, pamoja na bajeti ya kumlipa.