"Huu wetu ni tofauti"

Jana nilisimama kusoma ubao wa mradi mmoja mkubwa wa ujenzi. Tarehe ya kukamilika imebandikwa juu ya tarehe nyingine, na chini yake ile ya kwanza kabisa bado inachungulia. Ubao umeanza kuota kutu. Jengo halijafika lenta.

Mtasema wizi. Sawa, wizi upo, na wakandarasi goigoi wapo. Ila mimi kinachonikera kilitokea mapema zaidi, siku ya makadirio. Watu wazima, shahada zao ukutani, walikaa wakapanga ratiba inayotimia tu iwapo mvua itaomba ruhusa kabla ya kunyesha, msingi hautakutana na mwamba, na hakuna hata mwenye shamba mmoja atakayekwenda mahakamani kudai fidia. Ratiba ya peponi!

Na si kwamba hatujaonywa. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa mwaka 1957 kugharimu dola za Australia milioni 7 na kumalizika 1963. Lilifunguliwa 1973, kwa milioni 102. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulikuwa ufunguliwe Juni 2012. Zikiwa zimebaki wiki chache tu, mfumo wa kujikinga na moto ukawaumbua. Ndege zikasubiri hadi Oktoba 2020. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa miradi mikubwa, na wenzake walichunguza miradi 258 ya usafiri, wakatoa matokeo 2002: reli zilizidi bajeti kwa wastani wa asilimia 45, na katika miaka 70 ya kumbukumbu hizo hakuna dalili kwamba wapangaji walijifunza chochote.

Basi kwa nini mtu asifungue mafaili ya miradi kumi iliyofanana na wake, akatazama iliishaje, akaanzia hapo? Hazina ya Uingereza huwataka wapangaji waongeze asilimia fulani juu ya makadirio yao, kufidia matumaini tu. Kwingine ukipendekeza hivyo unajibiwa "huu wetu ni tofauti" na kuitwa mkatishaji tamaa. Halafu zabuni anapewa aliyeota ndoto ya bei rahisi.

Haya, nakubali, wangetaja milioni 102 mapema huenda Sydney wasingejenga, na leo wanajivunia. Lakini yale magofu yaliyoishiwa fedha njiani, nani huyapiga picha?

Nilipoutazama tena ule ubao, niliona kibandiko kipya hakijagundishwa pembe zote. Aliyekibandika anajua atarudi.