Kama hamuitaki barua, irudisheni

Wiki iliyopita nilikaa na mama mmoja wa Temeke anayeshona sare, ana cherehani nane na vijana wanaomtegemea, nikaondoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Mama alituma kotesheni kwa kampuni moja ya huku mjini siku mbili kabla muda haujafungwa. Imeili ikaondoka, haikurudi, hamna ujumbe wowote wa kosa, akatulia anasubiri. Alipopiga simu akaambiwa hawajaona kitu kutoka kwake na kazi imeshachukuliwa na mwingine, tena wakaongeza kwamba labda hakutuma vizuri. Akanionyesha simu yake, imeili ipo kwenye zilizotumwa, tarehe na saa vinaonekana, akaniuliza, "Mwanangu, kama hawakuitaka si wangenirudishia tu?"

Hilo swali ndo makala yangu yote, nawaandikia mafundi wenzangu wa seva za imeili.

Seva anayotumia, kompyuta inayotuma na kupokea imeili zake, naiangalia mimi, kwa hiyo nikafungua palepale logu, kumbukumbu ya kila inachofanya. Mstari upo, Postfix, programu inayosafirisha barua kwenye seva, imeandika status=sent, na seva ya upande wa pili imejibu 250, imepokea, imetoa mpaka namba ya foleni. Sasa mtu wa seva anajua 250 maana yake nini. Ukienda stendi ya Magufuli pale Mbezi kutuma mzigo Mbeya, wakala akishakuandikia risiti mzigo uko mikononi mwake. Akiukataa kabla ya risiti sawa, unaubeba unatafuta basi lingine. Lakini akate risiti, apokee hela, halafu basi likifika Chalinze autupe porini kwa sababu kaona umefungwa vibaya, na wewe huku Dar unajua mzigo unaenda? Kanuni za SMTP, lugha ya seva kupelekeana barua, zinasema hivyohivyo, soma waraka wake, RFC 5321 ya mwaka 2008: seva ikishajibu 250 baada ya kupokea barua nzima imebeba jukumu, ama iifikishe ama itoe taarifa kwamba imeshindwa.

Fundi wa ile kampuni ni kijana mwelewa, nilipompigia hakuleta ubishi, tukakaa wote kwenye logu zake. Barua ya mama imeingia, Postfix ikaisukuma kwa Amavis, programu inayokagua barua, kwenye porti 10024, SpamAssassin inayopima spamu, yaani barua taka, ikaipa alama kupita kiwango kilichowekwa, na jibu la Amavis likawa 250 2.7.0 Ok, discarded. Yaani imemezwa. Kwenye setingi final_spam_destiny ilikuwa D_DISCARD, yaani itupwe kimya, na karantini, sehemu ya kuhifadhi zilizozuiliwa, imezimwa ili diski isijae, kwa hiyo hata ya kuifukua hamna. Kijana alikaa kimya muda mrefu. Akasema aliikuta hivyo, fundi aliyemtangulia ndo aliweka, na hajui zimepita barua ngapi kwa njia hiyo.

Hiyo ndo inaniuma zaidi. Spamu ikiingia kwenye inboksi mtu anaiona, anafuta, analalamika, unapata nafasi ya kurekebisha. Barua nzuri ikimezwa halalamiki mtu yeyote, maana aliyetuma anajua imefika na aliyetakiwa kupokea hajui kama ilikuwepo, wewe fundi unaangalia inboksi ziko safi unaona kazi yako nzuri. Kumbe kuna mtu kakosa kazi, mwingine kakosa jibu la maombi, na wanalaumiana wao kwa wao.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia. Mtaniambia RFC hiyohiyo kwenye 6.2 imeacha upenyo wa kutupa barua kimya. Ni kweli, ila upenyo wenyewe ni wa barua ambazo una uhakika mkubwa ni za utapeli au hazifai kabisa, sio kotesheni ya sare iliyopata alama 7 kwa sababu ni PDF tupu isiyo na maneno. Mtaniambia pia ukirudisha spamu unawamwagia uchafu watu wasiohusika, maana anwani ya mtumaji mara nyingi imeghushiwa. Hapo nakubali, tena kabisa, seva inayopokea kwanza halafu ndo inaanza kurudisha ni kero na inaweza kuishia kwenye orodha nyeusi yenyewe. Lakini jamani, nani kasema upokee kwanza?

Kataa mlangoni. Filta ikague wakati seva ya mtumaji bado iko kwenye laini, kabla hujasema 250, ikiwa mbaya unajibu 550, yaani nimekataa, na sababu. Hapo wewe hujatuma barua ya marudisho kwa mtu yeyote, kazi ya kumwambia mtumaji inabaki kwa seva yake mwenyewe. Mama wa Temeke angepata ujumbe ndani ya dakika moja, na programu ya mtapeli ingekatwa bila kumsumbua mtu. Kwenye Postfix unaweka smtpd_milters inaelekea kwa Rspamd, programu nyingine ya kukagua spamu, porti 11332, ni kazi ya jioni moja. Zile za katikati unazotilia shaka zipeleke folda ya spamu, mwenye inboksi azione. Na kwenye ujumbe wa 550 andika namba ya simu ya ofisi, mtu akikataliwa kimakosa awe na pa kuanzia. Ukiogopa kukosea wakati wa kujaribu weka soft_bounce = yes, kila jibu la kukataa linaloanza na 5 linageuka 4, yaani jaribu tena baadaye, barua inabaki kwenye foleni ya mtumaji mpaka utulie, ila usisahau kuitoa.

Foleni nayo ina ukimya wake. Postfix kama ilivyo inashikilia barua iliyokwama hadi siku 5 ndo imwambie mtumaji imeshindikana, na delay_warning_time inakuja ikiwa 0, maana yake hamna onyo la katikati. Weka 4h.

Nyingine nimekutana nayo mara mbili hapa Dar mwaka huu: seva inakataa barua karibu zote asubuhi moja bila mtu kugusa kitu. Ukichimba unakuta inauliza zen.spamhaus.org, orodha nyeusi ya Spamhaus ya anwani za seva (IP) zinazotuma spamu, kupitia 8.8.8.8, DNS ya Google inayotafuta majina ya mtandao, na Spamhaus hawahudumii maswali yanayopita kwenye DNS za umma kama hiyo, wanajibu 127.255.255.254, na seva haitofautishi hilo jibu na lile la IP iliyoorodheshwa. Weka Unbound, programu ya DNS, kwenye seva yako iulize yenyewe, na kwenye reject_rbl_client, setingi ya kukataa walioorodheshwa, taja majibu unayoyakubali, =127.0.0.[2..11], basi.

Upande wa mtumaji sitasema mengi, mnayajua. SPF, DKIM, DMARC, vithibitisho kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye domeini, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo hawana mchezo na hayo. PTR, rekodi inayotaja jina la IP, anaweka mwenye IP, sio wewe kwenye paneli ya domeini, kwa hiyo muandikie aliyekupa IP na umsumbue mpaka aiweke. DKIM ya mama ilikuwa haijawashwa. Hilo ni langu mimi, nilimwambia na nikamuomba msamaha, nimeshaiwasha.

Lakini hata ningekuwa nimeiwasha tangu siku ya kwanza, sikubali kwamba adhabu ya kukosa DKIM ni barua ya mtu kupotezwa bila yeye kujua. Kumkataa mtu ni haki yako, seva ni yako. Kumwambia "nimepokea" na hujapokea ni uongo, na anayeuweka huo uongo kwenye faili la setingi ni sisi mafundi.

Yule kijana alibadilisha jioni ileile. Tukatuma barua ya majaribio yenye GTUBE ndani, maandishi maalumu ya kupimia filta za spamu, 550 ikarudi na namba ya simu ya ofisi yao, akapumua.

Juzi mama kanipigia. Ana kotesheni nyingine, ya shule moja, kaituma Jumatatu kwa imeili na logu yangu inaonyesha imepokelewa vizuri. Jumanne asubuhi kapanda daladala kupeleka karatasi kwa mkono, kasaini kwenye daftari la mapokezi, ndo akarudi kushona.